Shamba la Bibi Lilikwenda Wapi?

Muhula huu niliwapa watoto wa darasa langu la sita kazi ya nyumbani ya historia. Sikutaka wanakili kitabu. Niliwaambia kila mmoja aketi jioni na bibi yake, au bibi wa jirani kama wake hayuko tena, amwulize maswali matatu. Ulipokuwa msichana, kwenu shamba lilikuwa la nani? Ulipoolewa, ulikuwa na kitu gani chako mwenyewe? Na leo una nini?

Kesho yake madaftari yalirudi. Jibu la kwanza lilifanana karibu kwa wote: shamba lilikuwa la baba, au la ukoo. La pili lilikuwa na vitu: jembe, sufuria mbili, kitenge cha harusi, kuku, kinu. La tatu lilikuwa fupi. Wengi waliandika neno moja: "hakuna." Mtoto mmoja wa kiume aliandika, "Bibi anasema ana mimi."

Nilipokuwa nasahihisha ubaoni, msichana mmoja aliinua mkono. "Mwalimu, mabibi wamelima maisha yao yote. Mbona hawana shamba?"

Wamama wenzangu, mimi nina diploma ya ISP na nimefundisha miaka kadhaa, lakini siku ile nilishika chaki nikakosa la kusema. Nilimwambia tutarudia swali lake. Makala haya ndiyo kulirudia. Na mbele kidogo nitawaambia kwa nini swali lile lilinichoma mimi kuliko mtu mwingine yeyote darasani.

Jina kwenye ramani

Tuanze na maji tunayochota kila siku. Mwaka 1858 Wazungu wawili, Burton na Speke, walivuka kutoka Ujiji kwa mitumbwi wakipita Ubwari. Hawakukaa sana. Burton hata alidhani Ubwari ni kisiwa, wakati sisi tunajua kwamba unaweza kwenda huko kwa miguu. Lakini fungua ramani za zamani: ghuba hii iliyo mbele ya Baraka imeandikwa kwa jina la Burton. Mtu aliyepita siku chache ana jina kwenye karatasi. Mabibi zetu walioosha vyombo kwenye maji haya vizazi na vizazi hawana jina hata kwenye karatasi ya parseli ndogo. Tangu mwanzo, mali na jina vilikwenda upande wa aliyeshika kalamu.

Siku zile Ziwa Tanganika lilikuwa njia ya pembe za ndovu na ya watumwa. Wafanyabiashara wenye bunduki walitoka Ujiji, na aliyejulikana kuliko wote upande huu alikuwa Rumaliza, ambaye jina lake hasa ni Mohamed bin Khalfan. Tukisikia neno mtumwa, tunafikiria mwanaume aliyefungwa mnyororo akibeba pembe. Lakini wengi waliobaki utumwani huku bara walikuwa wanawake na wasichana. Walilima, walitwanga, walizaa, na watoto wao waliongeza watu wa bwana. Mwanamke alikuwa mali inayozaa mali.

Kuna mwanamke mmoja Mluba ambaye habari zake ziliandikwa, jina lake Bwanikwa. Kitabu chake kinasema alikuwa mtumwa mara kumi. Haikuanza kwa vita. Ilianza nyumbani: mke wa baba yake alifariki, ndugu wa marehemu wakadai fidia, na baba akamtoa binti yake kulipa. Hivyo deni la ukoo lililipwa kwa mwili wa msichana. Alipita mikono mingi, na mwishoni alijikomboa kwa jasho lake mwenyewe, akamlipa hata mume wake bei ya uhuru wake.

Nimemtaja Bwanikwa kwa sababu ya jambo moja. Katika nyakati zile mwanamke aliyekuwa hatarini kabisa alikuwa yule asiye na mtu wa kumsimamia: mjane, tasa, aliyekimbia, mzee asiye na mtoto wa kiume. Ndiyo maana mila ya kumrithi mjane, ambayo leo tunailaumu kwa haki, ilikuwa pia na upande wa kinga. Mjane aliyerithiwa alibaki na shamba la kulima na ukoo wa kumtetea. Shamba halikuwa lake, lakini hakuna aliyeweza kumnyang'anya jembe mkononi. Basi tusiseme kwamba kila kitu cha zamani kilikuwa kibaya, wala tusiseme kwamba kilikuwa kizuri. Mwanamke alikuwa na haki ya kutumia, ila hakuwa na haki ya kumiliki. Shida ilikuja pale shamba lilipogeuka kuwa kitu cha kuuzwa.

Mwanamke analima, mwanaume anaandikwa

Wabelgiji walipoingia, walileta kodi ya fedha. Fedha ilipatikana kwa kazi ya mshahara au kwa zao la kuuza. Tangu mwaka 1917 serikali ya koloni iliwalazimisha wanakijiji kulima mazao fulani, hadi siku 60 kwa mwaka. Katika bonde la Ruzizi zao hilo lilikuwa pamba. Aliyeandikwa kwenye buku la serikali alikuwa mwanaume, na mwanaume ndiye aliyepewa fedha siku ya kununua mazao. Lakini nani alipalilia? Nani alivuna huku mtoto yuko mgongoni? Jibu mnalo.

Shuleni ilikuwa vilevile. Mvulana alifundishwa hesabu na Kifaransa ili awe karani, mwalimu au katekista. Msichana, akipelekwa shule, alifundishwa kushona, kupika na kutunza nyumba. Karani alizeeka akiwa na nyumba ya matofali. Mke wa karani alizeeka ndani ya nyumba ya karani. Sasa ona tofauti ya maneno hayo mawili siku karani anapofariki.

Kisha ikaja kodi ya ajabu kabisa. Katika miji ya Kongo ya Wabelgiji na ya Ruanda-Urundi, mwanamke aliyeishi peke yake bila mume alitozwa kodi yake mwenyewe. Ng'ambo ya ziwa, Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, kodi hiyo ilianza karibu na mwaka 1950. Mtaa wa Buyenzi ulijaa Waswahili, na wengi wao asili yao ni upande wetu huu wa ziwa. Mwaka uleule, amri ya tarehe 4 Aprili 1950 ilikataza ndoa mpya za wake wengi, na mke wa pili akawa si mke tena machoni pa serikali.

Fikiria mama aliyefiwa na mume, ana miaka 60, anauza vitumbua mbele ya nyumba. Anapokea karatasi ya kodi, na mtaani watu wote wanajua kwamba kodi ile inaitwa kodi ya malaya. Wanawake wa Buyenzi hawakukaa kimya. Katika miaka hiyo ya 1950 wajane, walioachwa na wake wa pili walisimama pamoja, wakapinga kodi, wakasema wazi kwamba wanaheshimika na jina hilo si lao. Watafiti wa historia wamehifadhi habari zao. Mimi nilipozisoma nilifurahi kama niliyepata barua kutoka kwa shangazi. Kabla ya vikundi vyetu hivi vya akina mama, walikuwepo.

Hata pensheni ilifuata njia ileile. Serikali yetu ilipounda INSS, tarehe 29 Juni 1961, mwaka mmoja baada ya uhuru, mpango ule uliwahusu wafanyakazi wa mshahara. Leo unaitwa CNSS. Mama anayelima mihogo Mutambala, mama anayeanika ndagala Mboko, mama anayeuza mawese sokoni Baraka, hakuna hata siku moja ya kazi yake inayohesabiwa huko.

Kila vita ilichukua makaratasi

Historia ya Fizi tunaijua kwa miguu yetu. Mwaka 1964 uasi wa Simba. Mwaka 1996 vita, 1998 vita tena. Wengi wetu tulivuka ziwa usiku, tukafika Kigoma, tukaishi Nyarugusu au Lugufu. Kuanzia mwaka 2005 meli za HCR zilianza kurudisha watu kwenye bandari ya Baraka.

Mwanaume aliyerudi alikuta shida. Mwanamke mjane aliyerudi alikuta shida mbili. Ya kwanza ilikuwa nyumba iliyoanguka. Ya pili ilikuwa shemeji, au mtoto wa shemeji, amesimama shambani anauliza: "Wewe ni nani hapa? Aliyekuleta si amekwisha kufa?" Cheti cha ndoa hakikuwepo, kwa sababu ndoa ilifungwa kwa mahari na mashahidi, na mashahidi wamekufa. Cheti cha kifo hakikuwepo, kwa sababu mume alizikwa njiani. Hata umri wake hakuweza kuuthibitisha. Nchi yetu haijahesabu watu wake tangu mwaka 1984. Bibi aliyezaliwa wakati wa Wabelgiji anaweza kuishi na kufa bila karatasi moja inayosema aliishi.

Waswahili walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tunaiandika kwenye mabuku ya vikundi vyetu tukifikiria fedha. Nafikiri imetungwa pia kwa ajili ya wajane.

Kikapu chenye matundu

Sasa nirudi kwenye swali la yule msichana. Nilimchorea kikapu ubaoni. Nikamwambia, maisha ya mtu ni kikapu anachobeba kutoka sokoni hadi nyumbani. Nyumbani ni uzeeni. Kila mtu anatia kitu, lakini kikapu cha mwanamke kina matundu, na kila tundu lina umri wake.

Kwenye miaka 12 anatolewa shule ili kaka aendelee. Tundu la kwanza. Kwenye 17 anaolewa, mahari inakwenda kwa baba na wajomba. La pili. Kuanzia 20 hadi 45 analima, anazaa, anauguza wakwe, anauguza mume, na kazi hiyo hailipwi wala haiandikwi. Kikapu kinavuja kila siku. Parseli inaponunuliwa, fedha za mihogo yake zimo ndani, lakini karatasi inaandikwa jina la mume peke yake. Tundu kubwa. Na kwa kuwa tunaolewa na wanaume waliotutangulia umri, na wanawake kwa kawaida huishi miaka zaidi kuliko wanaume, wengi wetu tutafika nyumbani na kikapu bila mume. Hapo ndipo tunapotazama ndani.

Kwa hiyo umaskini wa bibi hauanzi siku anapozeeka. Ulianza siku alipotolewa shule. Uzee unauonyesha tu, kama maji ya ziwa yanapopungua na mawe kuonekana.

Na jambo hili litakuwa kubwa zaidi. Kongo ni nchi ya watoto, na karibu nusu ya watu wetu hawajafika miaka 15. Ndiyo maana hakuna anayezungumza juu ya wazee. Lakini katika Afrika yote, watu wenye miaka 60 na zaidi walikuwa kama milioni 74 mwaka 2020, na wataalamu wa hesabu za watu wanatarajia kama milioni 235 mwaka 2050. Hesabu mwenyewe. Mama mwenye miaka 35 leo, kama mimi, mwaka 2050 atakuwa na miaka 60 hivi. Wazee wanaozungumziwa ni sisi.

Tena wazee wenyewe hawakai bure. Angalia mtaa wako: ni mabibi wangapi wanalea wajukuu ambao wazazi wao wamekwenda kuchimba dhahabu Misisi, au wako Kigoma, au walikufa? Bibi anayeitwa mzigo ndiye anayebeba.

Neno linalofukuza

Sipendi kuandika sehemu hii, lakini nikiiacha nitakuwa nimedanganya. Kuna neno moja linaloweza kumtoa bibi kwenye nyumba bila hakimu wala karatasi: mulozi.

Huko Usukuma, upande wa Shinyanga na Mwanza nchini Tanzania, wanawake wazee wengi waliuawa kwa sababu ya neno hilo. Mara nyingi dalili iliyotajwa ilikuwa macho mekundu. Macho mekundu! Mwanamke aliyepika kwenye moshi miaka 50, macho yake yawe na rangi gani? Na waliofuatilia habari hizo waliona kwamba nyuma ya uchawi mara nyingi palikuwa na shamba au ng'ombe wa urithi. Katika jimbo letu la Kivu ya Kusini pia wanawake wazee wamechomwa moto kwa kushukiwa, hadi miaka hii ya karibuni.

Ukisikia mtu anaanza kumnong'ona bibi fulani, kabla ya kuuliza "amemroga nani?" uliza kwanza "ana kiwanja gani?" Na mahubiri yoyote yanayomnyooshea kidole mzee aliye peke yake, sisi wamama tusiyapigie makofi.

Shamba la bibi yangu

Sasa nalipa deni niliyoahidi mwanzoni.

Bibi yangu, mama wa baba, alilima kipande kimoja cha bonde tangu alipoolewa. Mihogo, mahindi, na mpunga kidogo karibu na maji. Babu alikufa, akaendelea. Tulipokimbia alikiacha, tuliporudi akakifyeka upya kwa mikono yake. Kila mtu alikiita shamba la bibi. Hatukuwa na shaka kwamba ni lake, kwa sababu jina tulilitamka kila siku.

Nilipomaliza sekondari nilitaka kuendelea ISP. Fedha hazikuwepo. Wazee wa familia walikutana jioni moja. Wiki mbili baadaye fedha zilikuwepo. Niliambiwa familia imejitahidi, nikashukuru, nikaenda kujiandikisha. Nilisoma, nikapata diploma, tukasherehekea. Bibi alicheza siku ile kuliko watu wote.

Nilijua ukweli baadaye, nilipokwenda kumsaidia kulima, akanipeleka njia nyingine. "Tunakwenda wapi, bibi?" Akasema, "Kule si kwetu tena. Walikuuzia wewe." Aliyesema hivyo hakukasirika. Alikuwa anakodi kipande cha mtu, na baada ya mavuno anamlipa sehemu ya mihogo. Nilimwuliza kama walimwuliza kabla ya kuuza. Alicheka. "Waniulize mimi, kwani jina langu liko wapi?"

Nilikaa chini kwenye tuta. Kila franka ya diploma yangu ilitoka katika mgongo wa mwanamke ambaye hakualikwa kwenye mkutano. Siwezi kusema sikutaka kusoma. Siwezi hata kusema ningekataa kama ningejua, kwa sababu nilikuwa na miaka 20 na hamu ya kitabu. Lakini ninajua sasa jinsi inavyofanyika. Hakukuwa na mtu mbaya katika habari hii. Walikuwepo wazee waliompenda mjukuu, na mwanamke aliyempenda mjukuu, na katikati karatasi isiyo na jina lake. Hata sisi wanawake tuliosoma, mara nyingine tumepanda ngazi iliyotengenezwa kwa mbao za nyumba ya bibi.

Kwa hiyo yule msichana alipouliza darasani shamba la mabibi lilikwenda wapi, mwalimu aliyesimama mbele yake ndiye aliyekuwa jibu.

Sheria inasema nini

Wengi wetu tunadhani mila imefunga mlango wote. Si kweli. Sheria ya familia ya Kongo ilitolewa tarehe 1 Agosti 1987, ikarekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Ile ya 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kufanya kitendo chochote cha sheria. Marekebisho ya 2016 yaliondoa ruhusa hiyo, na sasa mume na mke wanatakiwa wakubaliane. Juu ya urithi, yashike mambo haya manne:

Kwanza, watoto wote, wa kike na wa kiume, wanarithi sawasawa. Kama marehemu ameacha watoto, robo tatu ya urithi ni yao.

Pili, robo inayobaki inagawiwa kati ya mjane, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Shemeji hana haki ya kubeba vyote.

Tatu, kama hamkuchagua utaratibu mwingine wa mali siku ya ndoa, mali mliyoipata pamoja ni ya wote wawili. Sehemu ya mjane inatolewa kwanza, kabla ya kugawa urithi.

Nne, mjane ana haki ya kuendelea kutumia nyumba waliyoishi pamoja na vyombo vilivyomo.

Tena Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 49, inasema kwamba wazee na watu wenye ulemavu wana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee.

Lakini haki hizi zinamtaka mjane awe na kitu mkononi: ndoa iliyoandikwa eta-sivili. Ndoa ya mahari ni ndoa, ila isipoandikishwa inamwacha mama akibishana kwa maneno matupu. Na ardhi ya kijijini ina ugumu wake. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema kwamba ardhi yote ni ya serikali, na kwamba mashamba ya kimila yatapangiwa utaratibu wake kwa amri ya rais. Amri hiyo ilisubiriwa miaka mingi bila kuja. Ndiyo sababu kule kijijini neno la shefu na la wazee wa ukoo bado lina uzito, na ndiyo sababu tunapaswa kuzungumza nao, si kuwakimbia.

Wenzetu walifanyaje

Zanzibar, mwezi Aprili 2016, serikali ilianza kumlipa kila mzee mwenye miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi. Haikuuliza kama alikuwa na mshahara zamani. Mkulima, mvuvi na mama wa nyumbani walipanga mstari mmoja. Kenya mwaka 2018 ilianza kuwapa wazee wenye miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Fedha hizo si nyingi, lakini zinalipwa kwa jina la bibi mwenyewe, na anayenunua chumvi nyumbani husikilizwa.

Kwetu bado. Hatuwezi kukaa tukingoja Kinshasa. Tuna likelemba, tuna AVEC. Mnajua AVEC ilitoka wapi? Ilianza na wanawake wa kijijini Niger, mwaka 1991, wengi wao hawakujua kusoma. Sanduku moja, vifuli vitatu, funguo kwa watu watatu. Kilichotoka kwa wanawake maskini wa jangwani kimefika hadi Ziwa Tanganika.

Tuanzie wapi

Napendekeza mambo madogo ambayo kikundi kinaweza kuanza mwezi huu.

Mfuko wa mshikamano wa kikundi usitumike kwa ugonjwa na msiba tu. Uwe pia mfuko wa makaratasi: kila mwezi umsaidie mama mmoja kuandikisha ndoa yake, au kupata cheti cha kifo cha mume, au cha kuzaliwa cha mtoto. Anzeni na wenye umri mkubwa, maana wao hawana muda wa kungoja zamu.

Mnaponunua parseli, mama, usiseme "ni kwa baba watoto, ni kwetu sote." Majina yawe mawili. Siku ya kuandika ndiyo siku ya kusema, na wakati huo mume wako yuko hai na anakupenda.

Kabla ya kuuza shamba lolote la familia, hata kwa sababu nzuri kama masomo, bibi anayelilima aalikwe kwenye kikao na apewe kiti. Kama lazima liuzwe, familia imnunulie lingine au imwandikie sehemu yake.

Na mabinti wasitolewe shule. Hilo ndilo tundu la kwanza la kikapu, na ndilo rahisi kuliziba.

Mimi nimeanza kulipa kidogo kidogo. Kila mwezi, mshahara unapotoka, naweka kitu kwenye sanduku la kikundi kwa kusudi moja. Mwaka jana tulipata kipande, si kikubwa, karibu na barabara. Tulikwenda na mashahidi, majirani wa pande zote, na mzee wa mtaa. Aliyeandika aliuliza, "Niandike jina la nani?" Nikamgeukia bibi. Hakuzoea kuulizwa swali hilo. Alilitaja jina lake taratibu, lote, pamoja na jina la baba yake, kisha akabonyeza kidole gumba kwenye wino.

Tulipokuwa tunarudi hakuifuta ile wino. Alikwenda hivyo hadi nyumbani, ameshika kidole mbele yake, akiwaonyesha watu.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika kikundi chetu, ni mama wangapi ndoa zao zimeandikwa? Wangapi majina yao yako kwenye karatasi ya parseli?
2. Ni bibi gani mtaani kwetu anayelea wajukuu peke yake? Nani atamtembelea juma hili?
3. Mimi mwenyewe, kikapu changu kina matundu gani, na lipi naweza kuliziba mwaka huu?
4. Je, kuna kitu nilichopata maishani kutoka kwa jasho la bibi ambaye hakuulizwa? Nimrudishie nini angali hai?